Feri, Dar es Salaam: pweza, ngisi, kamba na samaki wabichi kwa bei ya mnada

Kwa pweza, ngisi, kamba na samaki wabichi, hakuna mahali Dar es Salaam panapoishinda Feri kwa bei wala kwa aina. Hakuna pia mahali ambapo mnunuzi mgeni hupigwa bei upesi kama hapo. Bei haziandikwi popote, mzigo wa alfajiri ya leo na mabaki ya jana huweza kulala meza moja, na muuzaji akikutazama tu anajua kama unajua unachotafuta. Tathmini hii ni kwa mtu wa nyumbani anayetaka kilo mbili hadi kilo kumi, si kwa mwenye hoteli wala msafirishaji.

Soko liko Magogoni, kwenye mdomo wa bandari, ubavuni mwa kivuko cha Kigamboni. Majengo ya sasa yalijengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa 2002, yakagawanywa kwa kazi: mnada kwake, rejareja kwake, wapara samaki kwao, wakaangaji kwao, dagaa kwao. Wenyeji wanaziita zoni. Kufika ni rahisi kuliko zamani, kwa sababu mabasi ya mwendokasi yanaishia Kivukoni, na kutoka kituoni ni mwendo mfupi kwa miguu. Mwenye gari awahi. Jua likishapanda, nafasi ya kuegesha ni tabu, na foleni ya kivuko inaziba barabara. Vaa viatu visivyoteleza na vinavyofunika vidole. Sakafu huwa na maji, magamba na miba muda wote.

Kwanza elewa mzigo unavyotembea. Samaki akishuka kwenye boti anakwenda kwa dalali, dalali anamnadi kwa niaba ya tajiri wa boti au wavuvi, na anayeshinda mnada anabeba tenga au ndoo nzima. Huyo ndiye anayekwenda kukata mzigo mafungu kwenye meza za rejareja, hatua chache tu kutoka hapo, au kuupandisha bodaboda kwenda Temeke, Tandika, Manzese na kwingineko. Kila mkono unaopita unaongeza chake. Kwa hiyo kuna njia mbili za kupata bei nzuri: kununua mnadani, au kununua meza ya kwanza kabisa baada ya mnada. Njia ya kwanza haimfai mtu mmoja. Ndoo ya lita 20 ikijazwa hubeba samaki kama kilo 15 hadi 18, na jokofu la nyumbani haligandishi mzigo huo kwa siku moja bila kuuharibu. Lakini familia nne zikichangia ndoo moja ya vibua au changu wadogo, hesabu inageuka kabisa. Muhimu ni kukubaliana kabla ya kwenda nani anabeba nini, maana ndani ya ndoo samaki hawalingani ukubwa, na wakubwa hupangwa juu.

Mnadani usinyooshe mkono wala kutikisa kichwa kama huna nia. Simama nyuma, sikiliza tenga mbili tatu za aina moja zinaishia bei gani, gawa kwa kilo, na tayari unajua meza za rejareja zinaanzia wapi. Ukifika mezani na hesabu hiyo kichwani, muuzaji akitaja bei unajua amepandisha kiasi gani. Faida ya mchuuzi ni halali yake, amelipa ushuru, amelipa mbebaji na ameamka usiku. Kinachokera ni mgeni kutajiwa maradufu, na dawa yake ni hiyo hesabu ya mnadani.

Saa nayo ina bei yake. Kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi mzigo ni mwingi na mzuri, ila wachuuzi wanagombania na bei haishuki. Kati ya saa 2 na saa 3 na nusu ndiyo dirisha zuri kwa mtu wa nyumbani: wachuuzi wa mitaani wameshaondoka, meza bado zimejaa, na jua halijafika kwenye samaki. Kuanzia saa 5 bei inaanguka, na watu wengi hudhani hapo wamepata. Samaki aliyekaa muda wa saa nne mezani kwenye joto la nyuzi 30 bila barafu ni nafuu kwa sababu. Wakati huo nunua tu kilicholazwa kwenye barafu tangu asubuhi, au kilichoshuka sasa hivi.

Jambo linalowapita wanunuzi wengi ni mwezi. Vibua, saladini na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki pale bahari inapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa juu ya maji yote, taa inakosa nguvu, na kwa siku kama saba hadi kumi boti nyingi za taa hukaa pwani. Hizo ndizo siku za vibua wachache na ghali, na ndizo siku ambazo samaki wa kugandishwa huyeyushwa na kupangwa mezani kama wa leo. Giza likirudi, hasa wiki ya mwandamo, mzigo unafurika. Anayekula vibua au dagaa kila wiki akipanga manunuzi yake kwa giza, akanunua wengi na kugandisha, anaokoa pesa nyingi kwa mwaka.

Pweza anafuata hesabu tofauti. Wengi hutolewa kwenye miamba maji yakiwa yametoka, kina mama na vijana wakitembea na fimbo au chuma wakichungulia mashimo. Maji hutoka mbali wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida, na bamvua inakuja mara mbili kila mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Maji mafu yakiingia katikati ya vipindi hivyo, miamba haikauki, wanabaki wapiga mbizi peke yao, na pweza anapungua. Maana yake ni kwamba mwezi mpevu, vibua wanapokuwa ghali, ndipo pweza anapokuwa wa kutosha. Usimlilie kibua siku hiyo, nunua pweza.

Na kuna saa ya pweza pia. Kwenye bamvua, maji ya pwani ya Dar es Salaam hufika chini kabisa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi. Pweza wa leo wa miamba ya jirani kwa kawaida anaingia sokoni mchana, si alfajiri. Unayemkuta mezani saa 1 asubuhi mara nyingi ni wa jana, au amesafiri kwenye barafu kutoka Mafia, Kilwa au Kisiju. Si lazima awe mbaya. Pweza aliyekaa vizuri kwenye barafu siku mbili ni chakula kizuri, lakini bei yake isiwe ya aliyetoka mwambani leo.

Misimu ya upepo ni rahisi zaidi. Kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari inatulia na vyombo vidogo vinafika mbali. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, ngalawa na mashua nyingi hazitoki siku za upepo mkali, na bei ya changu, chewa na nguru inapanda. Kamba wa Rufiji na Bagamoyo huongezeka na mvua, maji ya mto yanapojaa.

Sasa ukaguzi. Kwa samaki wa magamba, watu hukimbilia jicho. Jicho linasaidia, lakini linadanganya: samaki wa maji ya kina, kama baadhi ya chewa, hutokeza macho kwa kupandishwa haraka, na barafu ikigusa jicho hulifanya kuwa na ukungu hata kama samaki ni mzima. Anza na matamvua. Fungua shavu kwa kidole gumba: yawe mekundu ya kung'aa au waridi iliyokolea, na ute mwepesi usio na rangi. Yakiwa ya kahawia au kijivu, au yameoshwa mpaka yamekuwa meupe, rudisha. Kisha bonyeza nyama karibu na mgongo, si tumboni. Nyama irudi mara moja. Shimo likibaki, amechoka. Halafu tumbo: likiwa laini na lenye madoa ya manjano, au mbavu zimeanza kuchomoza, utumbo umeshaanza kumla kwa ndani. Harufu ije mwisho. Samaki mbichi hunukia bahari na mwani, na harufu ya shombo kali unayoisikia sokoni mara nyingi ni ya sakafu, kwa hiyo msogeze puani kabisa kabla ya kumhukumu.

Kwa jodari, nguru na vibua ongeza ukali. Samaki hawa wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Dalili huja ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula: uso kuwaka na kuwa mwekundu, kichwa kuuma, ngozi kuwasha, wakati mwingine kuhara. Wengi hudhani wana mzio na samaki. Jodari aliyekatwa vipande na kupangwa juani asinunuliwe kwa bei yoyote, hata akiwa bado mwekundu. Ukionja nyama iliyopikwa ikachoma ulimi kama pilipili wakati hukutia pilipili, tema na utupe.

Ngisi anasomeka kirahisi kwa anayejua pa kutazama. Aliyevuliwa usiku huo ana ngozi inayopenya mwanga, imejaa vidoa vya kahawia na zambarau, na ukimgusa kwa ncha ya kidole vidoa vinapanuka na kusinyaa chini ya kidole chako kama vile ngozi bado inapumua. Huyo hana mfano. Mpike siku hiyohiyo. Baada ya saa kadhaa anageuka mweupe kama maziwa, bado mzuri. Akianza kuwa waridi, au ukimchana ukakuta wekundu umeingia kwenye nyama, muda umekwisha. Macho yawe meusi na maangavu, ngozi isiwe imechubuka, na kichwa kishike vizuri kwenye mwili.

Pweza mbichi ana rangi mbilimbili, kahawia na kijivu, na vikombe vya mikono yake vinashika kidole. Mvute ngozi kidogo: ikitoka kama karatasi iliyolowa, amekaa sana. Kuna mchezo mmoja wa kuuepuka. Pweza akilowekwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi hunywa maji na kuongeza uzito. Utamjua kwa kuvimba, mikono minene isiyo na ukakamavu, rangi iliyofifia na ute mwingi. Akiingia sufuriani anabaki kidogo kuliko ulivyotarajia, na mchuzi unakuwa maji matupu. Pweza wa kawaida naye hupungua karibu nusu kwa kupikwa, kwa hiyo kwa watu wanne wanaokula na wali nunua kilo moja na nusu hadi mbili. Usinunue chini ya nusu kilo mmoja: kanuni za uvuvi Tanzania Bara zinakataza, na kwa haki, maana pweza hukua haraka mno na yule mdogo uliyemuacha mwambani ni kilo nzima baada ya miezi michache. Vijiji kadhaa vya pwani na vya Zanzibar vinafunga miamba yao kwa miezi ili pweza wakue, na miamba ikifunguliwa, mavuno yanaonekana kwa macho.

Kamba anaanza kuharibikia kichwani. Kichwa kikianza kuwa cheusi, au kikilegea na kuachia ukimshika mkiani, vimeng'enya vya kichwani vimeanza kula nyama. Weusi kidogo kwenye maganda si sumu, lakini weusi pamoja na harufu kali ya amonia, ile ya choo, ni mwisho wa mazungumzo. Kamba mara nyingi huchotwa kwenye maji ya barafu na kupimwa wakiwa bado na maji, na maji hayo unayalipia. Omba wachujwe kwanza, hesabu polepole hadi thelathini, ndipo wawekwe kwenye mizani. Muuzaji mwaminifu hakatai.

Kaa wa mikoko wanunuliwe wakiwa hai tu, wamefungwa magando. Mwinue kila mmoja: mzito kwa ukubwa wake ana nyama, mwepesi ametoka kubadili gamba na ndani ni maji. Kaa aliyekufa asiyejulikana amekufa lini hana bei.

Samaki wa baruti wamepungua sana kulinganisha na zamani, lakini inafaa kuwajua. Kwa nje anaweza kuonekana mzuri mno, magamba yote yapo, hana alama ya ndoana wala nyavu. Mwinue kwa kichwa: anajikunja katikati kwa sababu uti umevunjika. Akipasuliwa, damu imejaa tumboni na nyama karibu na mgongo ni rojorojo yenye wekundu. Anaoza mapema kuliko mwenzake, na kila anayemnunua anasaidia kubomoa mwamba uliokuwa utulishe miaka mingi. Mrudishe, na useme sababu.

Wanaouliza chaza wajue kwamba si bidhaa ya kila siku Feri. Huletwa kwa oda zaidi kuliko kupangwa mezani, kwa sababu walaji ni wachache na hawavumilii joto. Uzito mwingi wa chaza ni gamba, nyama ni sehemu ndogo sana, kwa hiyo nunua kwa idadi, si kwa kilo: chaza sita hadi kumi na wawili kwa mtu. Kila mmoja awe amefunga gamba, au afunge ukimgonga. Aliyeachama asiyejibu ni maiti. Ukigonga wawili kwa pamoja watoe mlio mzito. Mlio mkavu kama wa kigae unaonyesha gamba halina maji ndani.

Swali kubwa kwa chaza ni ametoka wapi. Chaza anakula kwa kuchuja maji, lita nyingi kila siku, na kilichomo ndani ya maji kinabaki ndani yake. Mwamba au mikoko ya karibu na mji, hasa kuelekea mdomo wa mto Msimbazi au ndani ya bandari, si mahali pa kuokota chakula, kwa sababu maji taka yanaishia huko. Muuzaji asiyeweza kutaja alikowatoa, achana naye. Nchi ambako chaza huliwa wabichi kwa desturi, kama Ufaransa na Uingereza, huyapima maji ya kila eneo la ufugaji, na chaza wa maeneo yasiyo safi sana hulazwa kwenye mabwawa ya maji safi kabla ya kuuzwa. Bila mfumo huo kulinda sahani yako, usiwale wabichi, hata wakiwa wa kisiwani. Wachemshe au wachome hadi wafunguke, kisha waache motoni dakika tatu hadi tano zaidi. Asiyefunguka, tupa. Wachome kwenye makaa, tia ndimu na pilipili ya kuponda, na hutakumbuka kwamba kuna watu wanawala wabichi.

Turudi kwenye mizani na pesa. Rejareja nyingi ni kwa fungu au kwa kukadiria. Mizani ikitumika, iwe na stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ndogo ya kuning'iniza ya mfukoni inauzwa Kariakoo na inalipa gharama yake mapema sana. Si lazima ugombane, itoe tu, pima fungu, na bei ya pili itatajwa bila kuulizwa. Linganisha bei kwa kilo ya nyama unayoila, si kwa kilo ya mezani. Changu au chewa mzima akitolewa utumbo, kichwa na miba hubaki chini ya nusu nyama tupu. Kamba mwenye kichwa na maganda hubaki karibu nusu. Ngisi hubaki karibu robo tatu. Tuseme kamba wazima ni shilingi 24,000 kwa kilo na ngisi ni 15,000: nyama ya kamba inakutoka kama 48,000, ya ngisi 20,000. Ndiyo sababu ngisi, katika siku nyingi za mwaka, ndiye mnunuo bora kuliko yote Feri, na ajabu ni kwamba watu wengi wanampita wakikimbilia kamba.

Kichwa cha chewa au kolekole usimwachie mpara. Supu yake ni nzito na tamu kuliko ya minofu.

Wapara samaki wanafanya kazi nzuri na ya haraka ajabu, na malipo yao ni madogo. Taja mapema unavyotaka: kutolewa magamba na utumbo tu, kukatwa vipande vya mchuzi, au kupasuliwa mgongo kwa kukaanga. Toa matamvua pia, maana ndiyo yanayooza kwanza. Kasoro iko kwenye maji. Samaki safi akisuuzwa kwenye ndoo iliyooshea samaki hamsini, au kwa maji yaliyochotwa ufukweni hapo, anabeba uchafu wa wote. Nenda na dumu la lita tano la maji safi, mwombe mpara asuuze kwa maji hayo, na umwongezee kidogo. Simama hapo hadi amalize, si kwa kumshuku, ila kwa sababu mizigo ni mingi na hufanana.

Upande wa wakaangaji unastahili sifa. Unanunua samaki wako mwenyewe, anaparwa, anatumbukizwa kwenye karai kubwa juu ya moto wa kuni, na unamla na ugali au chipsi hapohapo. Changu, tasi na vibua hutoka vizuri zaidi. Pono ana maji mengi na hulegea. Angalia mafuta kabla ya kutoa samaki wako: yakiwa ya dhahabu, baki hapo; yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi mwembamba kabla hata ya samaki kuingia, nenda karai la pili. Asubuhi mafuta huwa bora kuliko jioni.

Kosa linaloharibu mzigo mwingi hutokea njiani kuelekea nyumbani. Mfuko usio na barafu kwenye daladala kwa saa moja na nusu hadi Mbagala au Mbezi unatosha kumaliza kila kitu ulichokagua kwa makini. Kwa joto la Dar es Salaam, hesabu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Nusu kilo ni kiwango cha chini kabisa, na ni kwa safari fupi. Boksi dogo la fomu linatosha. Tandaza barafu iliyopondwa chini, samaki, barafu, samaki, barafu juu, tumbo lililotolewa utumbo lijazwe barafu pia. Barafu iliyopondwa inamgusa samaki kote. Bonge moja kubwa linapoza upande mmoja tu. Ngisi, pweza na kamba waliomenywa wawekwe kwanza kwenye mifuko iliyofungwa, kwa sababu maji ya barafu yakiwaingia yanatoa ladha na rangi. Wasiotaka kununua barafu wagandishe chupa za maji za lita moja na nusu nyumbani usiku. Si nzuri kama iliyopondwa, lakini ni bora mara kumi kuliko mfuko mtupu.

Ukifika, gandisha kwa mafungu ya mlo mmoja, bapa na membamba, yasiyozidi unene wa vidole viwili, ili yagande haraka. Pweza pekee ananufaika na friza: barafu inapasua nyuzi zake, na baada ya siku moja au mbili hahitaji kupigwapigwa kwenye jiwe. Mchemshe bila chumvi dakika 40 hadi 60, ndipo utie chumvi au nazi. Ngisi apikwe dakika mbili kwa moto mkali au dakika 40 kwa moto mdogo. Katikati ya hapo ni mpira.

Kwa asiyeweza kufika Feri, Kunduchi na Msasani kuna mialo ambako boti hushusha moja kwa moja. Hapo umati ni mdogo na pweza wa miamba ya karibu hupatikana wabichi kabisa mchana wa bamvua, ila aina ni chache na siku mbaya unarudi mikono mitupu. Maduka makubwa yana barafu na usafi unaoonekana, lakini samaki wao ameshapita mikono mingi na bei inabeba mikono yote. Mchuuzi wa mtaani mwenye beseni ni mzuri akiwa ni yuleyule kila siku, anayejua kwamba kesho atapita tena mlangoni kwako. Mpe oda jioni, kwa aina na kwa uzito, umwambie unataka mwenye matamvua mekundu, na umlipe siku hiyohiyo; atakuchagulia mnadani.

Kwa safari ya kwanza Feri chagua Jumanne au Jumatano ya wiki ya giza, ufike saa 1 na nusu, uzunguke meza zote bila kununua, ndipo urudi kwa ile iliyokupendeza. Beba noti ndogondogo. Chenji ya elfu kumi asubuhi hutafutwa meza ya tatu, na samaki wako anasubiri juani.